Mkono wa Kushoto Chini

Amondi alihamishiwa Eldoret mwezi wa Januari, kusimamia duka la dawa. Mumewe na watoto walibaki Kisumu kwa sababu ya shule. Alipanga nyumba mtaa wa Munyaka, na kwa miezi mitano aliyebisha mlango wake alikuwa msoma mita tu. Ndipo akajiunga na klabu ya gofu, akidhani atapata watu.

Mipira ya mbali aliipiga vizuri. Shida ilikuwa karibu na shimo. Asubuhi, akiwa peke yake, mpira uliingia. Jumamosi, wenzake wa klabu wakisimama kumtazama, kifundo cha mkono wa kulia kilijikunja na mpira ukapita kando. Hawakumcheka. Walisema "pole," wakarudia hadithi za shule waliyosoma wao pamoja.

Asubuhi moja alimwona Jerop, mama kutoka Ainabkoi aliyekuwa akikata nyasi pale klabuni, akizima mashine.

"Mama, una dakika mbili? Simama hapo unitazame."

"Nitazame nini?"

"Mimi tu."

Jerop akasimama. Amondi akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa.

"Madam, unakaba hiyo fimbo sana," Jerop akasema. "Mimi nikikamua ng'ombe hivyo, atanipiga teke."

Amondi akacheka, akalegeza vidole. Lakini mkono wa kulia bado ulitaka kusukuma. Akaushusha mkono wa kushoto kwenye fimbo, chini ya ule wa kulia. Kifundo kikatulia, mabega ndiyo yakabembeza fimbo. Mpira ukaenda polepole, ukatumbukia.

"Sasa hiyo ndiyo," Jerop akasema.

Kwa wiki tatu, kila asubuhi ya kazi, Jerop alimpa dakika zake mbili.

Siku ya mashindano, Jumamosi, mpira wa Amondi ulibakisha hatua mbili kufikia shimo la mwisho. Watu wanane walikuwa wakimtazama. Mpira ukaingia. Wakapiga makofi, wakamsalimia kwa mkono. Mmoja akamwita Akumu, jina lisilo lake. Kisha wenzake wa Jumamosi wakaingia ndani kwenye meza yao ya viti vinne.

Amondi akatembea hadi banda la mashine. Jerop hakuwepo; Jumamosi huwa nyumbani kwake. Akampigia mumewe.

"Imeingia!"

"Nini imeingia?" Watoto walikuwa wakipiga kelele nyuma yake.

Amondi akaanza kumweleza habari za vidole, kifundo, mabega.

"Hiyo ni safi, Mama Lorraine. Nikupigie baadaye?"

"Sawa."

Mvua ilikuwa imeanza. Akaketi juu ya debe lililopinduliwa bandani, akavua glavu, akangoja ipungue ndipo aende nyumbani.