Nailoni Ukutani

Kosa ni langu, na nalisema mapema nisije nikalikwepa. Nilimwahidi Keneuoe kwamba Jumapili ile ningekwenda kuupiga picha ukuta wake, kisha nikaenda kupiga picha za harusi ya watu.

Siku sita mimi hupanga vifurushi posta ya Maseru. Jumapili hubeba kamera na kuwatafuta wenzangu: askari magereza anayechonga, muuguzi anayetunga nyimbo, watu ambao sanaa yao huishi kwa makombo ya wiki. Keneuoe hushona mifuko ya jinzi kiwandani. Kwa Jumapili nne alikuwa ameupamba ukuta wa nyumba ya mama yake kwa udongo mwekundu na mweupe, akiuchora mistari kwa uma. Niliuona ukiwa nusu, nikaionea wivu mikono yake. Picha za ukuta mzima zilikuwa za kupelekwa kwa jopo lililotafuta wasanii watano, walipwe mwaka mzima wasifanye kingine ila sanaa. Siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa Jumapili iliyofuata harusi.

Siku hiyo ya mwisho nilifika kwao, nikakuta wingu limetanda na ukuta umefunikwa nailoni, kingo zake zimekandamizwa kwa mawe. Majirani walikuwa wamesimama wakitazama. Kwetu ukuta huchorwa kuwaomba mvua waliotutangulia. Mvua ikija ikauosha, basi wamesikia. Na mwaka huo mahindi yalikuwa yamekauka hata kabla ya kufika magotini.

Mama yake, 'Mathuso, hakufoka.

"Mwanangu, hii mvua nimeiomba tangu mwezi wa kumi. Leo inakuja, wewe unauvisha ukuta koti?"

"Dakika kumi tu, mama. Dada wa picha keshafika."

Matone ya kwanza yakagonga nailoni. Keneuoe alinitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akaivuta mwenyewe. Nilipiga picha kama mwendawazimu, lenzi imejaa maji, rangi nyekundu ikiteremka juu ya nyeupe. Wanawake walipiga vigelegele. 'Mathuso alicheza uani, viatu mkononi, na Keneuoe akacheka naye huku analia waziwazi.

"Umepata?" aliniuliza.

"Nusu."

"Jumapili iliyopita ukuta ulikuwepo wote."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika.

Niliituma hiyo nusu. Jopo lilijibu kwamba kazi haionekani vizuri.

Sasa kiwanda kimepata oda kubwa, na Jumapili pia wanaingia. Juzi Jumapili asubuhi nilimngoja langoni na kamera yangu. Nilimtazama kucha, zilikuwa safi, hazina hata chembe ya udongo. Akaifunika lenzi kwa kiganja.

"Hapa usinipige, dada. Hapa si mimi."

Kengele ikalia, akaingia na wenzake. Nilibaki pale nikiutamani ule ukuta, hata kwa dakika kumi tu.