Nyota za Ubingwa

"Mama Fundi, jimbo likijitenga, timu yetu itacheza na nani?" Jirani aliniuliza hivyo dirishani, nikacheka tu, nikaendelea kushona jezi.

Wiki ya kura ya kujitenga, shemeji yangu, mwenyekiti wa timu, akaingia mbiombio na nyota kumi na moja za kitambaa cha dhahabu.

"Shemeji, zishone kifuani! Tukijitenga tu, sisi ndio mabingwa wa taifa!"

"Kwa kumfunga nani?"

"Timu ya waoka mikate."

"Na nani tena?"

Akakuna kichwa. Jimbo zima lina timu hizo mbili, na kipa wa waoka mikate ana wajukuu. Mungu anisamehe, nilicheka hadi miwani ikaanguka. Naye akacheka, akacheza katikati ya vitambaa vyangu. "Bingwa ni bingwa, shemeji!"

"Haya. Na wale wa mji mkuu waliotufunga sita? Si kila siku unaapa hufi kabla hujawarudishia? Watakuwa kwenye ligi ya nchi nyingine. Utawapatia wapi?"

Akasimama, mguu mmoja bado uko juu. Kisha akaokota nyota zake moja moja, hata iliyoingia chini ya cherehani, akazitia mfukoni, akatoka.