Msukule Mlangoni kwa Esnath

Esnath hakuwahi kuwa mwigizaji, wala hakuwa na hamu hiyo. Ni mwanawe Gift aliyemng'ang'ania. Yeye na Anyitike, rafiki yake mwenye kamera, walikuwa wanatengeneza filamu ya misukule pale Mpuguso, ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja, na walikosa mtu wa kuwa mama wa msukule.

"Mama, we kuwa mama tu. Kuna cha kujifunza hapo?"

Gift akapakwa unga wa muhogo usoni, akafukiwa kwa majani ya migomba, akafufuka. Msukule huyu hakuwa na haja na nyama ya mtu. Njaa yake ilikuwa ya mbalaga, ndizi za kupika. Akajikokota hadi mlangoni kwa mama yake, akabisha, akaomba ndizi zake kwa sauti ya kukoroma. Esnath akamtandika mwiko wa kichwa, akambamizia mlango. Majirani waliokuja kutazama walivunjika mbavu, na Gift mwenyewe alicheka mpaka unga ukamwingia machoni.

Mwezi haukuisha, pikipiki iliteleza kwenye tope la njia ya Masukulu, Gift akafa.

Watu hawana haya. Hata matanga hayajaanuliwa, walishaanza kunong'ona kwamba kijana hakufa, amechukuliwa msukule, na mama yake ndiye aliyemfukuza mapema. Esnath aliyasikia yote. Hakuamini hata moja, lakini usingizi ulimkimbia, kwa sababu mkono uliobamiza mlango ule ulikuwa wake. Uchungu wa hapo hausemeki.

Siku moja Anyitike akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Gift, filamu imekwisha. Ukisema isionyeshwe, naifuta leo hii. Sitakulaumu."

"Nionyeshe kwanza."

Akaitazama kwenye simu. Mwanawe alipojikwaa kwenye mgomba na kuuomba radhi, Esnath alicheka, akacheka kweli, akajishangaa. Mlango ulipobamizwa, akamrudishia Anyitike simu yake.

"Waonyeshe watu. Ila pale mlangoni turudie. Safari hii nafungua."

"Sasa mama, ataingia nani? Gift..."

"Najua mwanangu alipo, nimemzika mwenyewe. Wewe washa kamera yako."

Wakarudia asubuhi iliyofuata, mvua ikinyesha ile ya kwao isiyo na haraka. Anyitike alibisha ukutani, maana mlango wenyewe hakuthubutu kuugusa. Esnath akafungua. Mbele yake palikuwa na uwanja wenye matope na migomba basi.

"Ingia, baba, unalowa," alisema. "Mama alikuwa anacheza tu."

Akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mgeni.

"Kata," alisema Anyitike. Akasema tena.

Esnath hakusikia, au hakutaka kusikia. Mvua ilianza kuingia ndani, ikalowesha sakafu, na hakuna hata mmoja wao aliyeufunga ule mlango.