Kome wa Wifi

Wifi aliingia na sufuria lake mwenyewe. Jamani! Mtu anakwenda kwa kaka yake, kabati limejaa masufuria, yeye anakuja na lake kwapani, utadhani huku watu wanapikia makopo.

"Leo mpishi ni mimi," alitangaza, akabwaga mezani mfuko wa kome wa baharini, bado wamefumba magamba yao. "Wewe wifi yangu kapumzike. Hiyo cherehani itakuua."

Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya hiyo hiyo cherehani, alitabasamu kwa meno tu. Alijua kilichomleta. Mama mkwe alihamia hapo alipofiwa na mumewe, akawa anamsaidia kushona vifungo, anampigia soga, anamwita "mwanangu". Sasa Wifi kajenga, ana chumba cha wageni chenye mapazia ya kuburuza chini, anamtaka mama yake. Na mama alikuwa amesema jibu atalitoa leo, wakishakula. Fundi alimzika mama yake mzazi angali mtoto. Hata kichwa kilimvurugika alipowaza kile kiti kando ya cherehani kikibaki kitupu.

"Mama anapenda kome kufa," alisema Wifi, akihangaika kumenya kitunguu saumu kwa kucha zake ndefu. "Sidhani kama huku anawapata."

Eti hawapati! Fundi ndiye aliyekuwa akimpikia kila walipoonekana sokoni. Huwaloweka tangu asubuhi kwenye maji ya chumvi, akayabadilisha, mpaka wateme mchanga wote, ndipo awasugue mmoja mmoja. Sasa aliegemea mlango akimtazama bibie anavyowatoa mfukoni na kuwatia sufuriani moja kwa moja. Nyanya, tangawizi, maji kidogo, mfuniko. Basi! Hata kuwasuuza, hakuna.

Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi, akayameza. Mwache, alijiambia. Si mjuaji? Mwache aumbuke mbele ya mama yake.

Mvuke ukapanda, kome wakafunguka, na tuseme ukweli, harufu ilikuwa tamu.

"Unaona wanavyofunguka?" Wifi alijishaua. "Huu ndio upishi, siyo kuchemshachemsha kama maharage."

"Naona, wifi. Hongera."

Na ni yeye, Fundi, kwa mkono wake, aliyempakulia mama bakuli la kujaa, na mchuzi akauchota chini kabisa.

Mama alitafuna mara moja. Kruu! Akaweka kiganja mdomoni, akatema mchanga, na kwenye mchanga kulikuwa na kipande cha jino, katika yale machache aliyobakiwa nayo.

"Mungu wangu! Mama!" Wifi aliruka. "Ni nini?"

"Mchanga," alisema Fundi, raha imemjaa hadi shingoni. "Kome hulowekwa, wifi. Hata mtoto anajua."

"Kulowekwa?" Wifi alikodoa macho, na machozi yakaanza kumlengalenga. Kaka yake, mume wa Fundi, aliyekaa nao mezani, alizidi kuinamia bakuli lake.

Mama alijifuta mdomo taratibu. Hakumtazama binti yake.

"Ulikuwa jikoni akipika?" alimuuliza Fundi.

"Nilikuwepo, mama."

"Ukaona hajawaloweka."

Fundi akanyoosha mkono aliondoe lile bakuli. Raha yote ikamyeyuka.

"Na ukanipakulia," alisema mama. "Huyu hajui kupika, hakujua tangu utoto wake. Lakini wewe unajua." Akalisogeza bakuli pembeni. "Mimi nilikaa mezani hapa nimeshaamua kubaki."

"Mama, nisamehe, sikudhani..."

Mama alikuwa tayari amesimama, amemshika Wifi bega.

"Twende ukanisaidie kukunja nguo zangu," alimwambia. Mlangoni akageuka. "Asante kwa chakula, mke wa mwanangu."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo.