Nyasi za Picha ya Ndege

Ukipita mtaani kwetu Picha ya Ndege utaijua nyumba yangu hata bila kuuliza. Wenzangu wana nyasi za kupandwa, zile fupi laini za kukatwa kwa mashine, na kiangazi hiki zote zimekauka zimekuwa rangi ya mkate. Kwangu hakuna hata unyasi mmoja. Kuna mchanga mtupu uliofagiwa, minanasi kwenye uzio, mshubiri, mchaichai, asumini mlangoni, na kule nyuma, mahali pa kutawadhia, kuna mkilua. Watu wananiuliza fundi wangu wa bustani ni nani. Mara nyingi naona uvivu kujibu, maana jibu lenyewe refu na linaniliza. Leo nitalijibu, mradi mtu asinikatize.

Mama yangu, Mwanamkuu, alizaliwa, akaolewa na akazeeka Kisarawe, huko kwenye barabara ya Maneromango. Baba alipofariki, akabaki na nyumba peke yake. Siku moja akateleza, akaumia mguu, nikaenda kumchukua. Hakutaka! Alikuja kwa sharti moja: mguu ukipona, anarudi kwake. Nikamwambia sawa mama, huku moyoni nasema harudi mtu. Kule hakuwa na wa kumpa hata maji ya kunywa, ndugu zangu wote wako mbali, na jirani wa karibu mpaka umwite kwa kelele. Nilitaka mama yangu afie mikononi mwangu, nisije nikaambiwa kwa simu. Ndilo nililokuwa nalitaka, sikuwa na lingine.

Wakati huo mimi na mume wangu, Latifu, ndiyo kwanza tumehamia. Nilikuwa nimeziona nyasi za jirani yetu Eugenia, nikazizimia. Nami nikapandiwa zangu, kutoka getini mpaka kwenye ngazi ya kibaraza. Jamani, zilikuwa nzuri! Lakini zilikunywa maji hizo. Kila jioni nimeshika mpira, na maji ya bomba yakikatika naita boza lijaze simtanki.

"Zuwena," Latifu ananiambia, "hata mimi mumeo sijawahi kubembelezwa hivi."

Mama yeye alikaa kibarazani anaziangalia. Siku moja akaniita.

"Zuwena, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Na mumeo mnaelewana?"

"Tunaelewana, mama. Kwa nini?"

Akashusha pumzi. "Basi, mwanangu. Nimeuliza tu."

Nikadhani ni uzee. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimesahau nilikotoka.

Kwetu Kisarawe, hakukuwa na aibu kubwa kwa mwanamke kama nyasi uwanjani. Nyasi ni za nyoka, na nyasi ni za hame, nyumba iliyokimbiwa na wenyewe. Nimekua nikiamshwa na ufagio wa chelewa wa mama, chwaa, chwaa, kabla hakujakucha vizuri. Alikuwa anainama, mkono mmoja kauweka mgongoni, anafagia kinyumenyume, na nyuma yake mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Ole wako ukanyage kabla hajamaliza! Maji tuliyateka bondeni, tunapanda nayo kilima kichwani, kwa hiyo hakuna tone lililomwagwa ovyo. Maji yaliyooshea mchele yalikwenda kwenye mchaichai. Maji ya kutawadha yalitiririka kutoka kwenye jiwe lake kubwa mpaka kwenye shina la mkilua. Mimea mingine alizungushia makumbi ya nazi chini, basi, mpaka mvua inyeshe. Na mkilua ukitoa maua, nyumba nzima inanukia, na mama anafunga moja kwenye pindo la kanga yake. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, nakuwa mtoto.

Basi siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani zangu, mtaa wa Kwa Mathias. Jioni narudi, nafungua geti. Yarabi! Nyasi zangu zote zimelimwa. Zimerundikwa kwenye shimo la taka, mizizi juu. Uwanja umefagiwa, una mistari yake ileile ya Kisarawe, na mama kakaa kibarazani, jasho linamtoka, jembe liko pembeni. Uso wake unang'aa kwa furaha. Nikasahau hata kumwamkia.

"Nimekutoa aibu, mwanangu," akasema. "Najua kazi zimekuzidi, huna nafasi. Sasa hata wakija wageni, waje tu."

"Mama! Nyasi zangu!"

"Nimezitoa zote. Zina mizizi migumu hizo, ee!"

"Nilizipanda, mama!"

Akaniangalia kuona kama namtania.

"Ulizipanda?"

"Nilizipanda, nikazimwagilia!"

"Mtu anapanda nyasi, Zuwena? Una ng'ombe?"

Nyuma yangu nikasikia Latifu anajifanya anakohoa. Nikageuka, nikamkuta kaugeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilifoka, na anayesema yeye asingefoka ni mwongo. Niliongea mpaka Eugenia akachungulia juu ya ukuta, akaona hali, akarudisha kichwa chake taratibu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akatembea kutoka kibarazani mpaka getini, akarudi, hakuchechemea hata kidogo.

"Mguu umepona," akasema kwa upole. "Umeona mwenyewe, nimelima. Nirudishe kwangu."

Hasira zote zikanitoka palepale, nikabaki na woga mtupu. Nilimbembeleza, Latifu akambembeleza, wapi! Sharti lilikuwa sharti.

Jumamosi Latifu akawasha kirikuu chake cha kubebea mizigo, tukaondoka. Mama alivaa kanga zake mpya, kaupakata ufagio wake kama mtoto. Njia nzima anapanga: kwanza atafagia, halafu atainjika chai, halafu atakwenda kumwamkia jirani yake. Mimi nilikuwa naangalia nje, nisionekane machozi.

Tulipofika, Latifu akasimamisha gari, akasema, "Ndiyo hapa?" Na mwenyewe alishafika hapo mara nyingi.

Uwanja haukuwepo. Nyasi zilikuwa zimefika madirishani. Ngazi ya mlango ilikuwa haionekani, asumini imefunikwa na magugu ya kutambaa, na kwenye nguzo ya kibaraza mtu alikuwa amefunga mbuzi. Mbuzi anatafuna, anatuangalia. Mama alishuka akasimama kando ya gari, ufagio mkononi, hasogei.

Mwanamke mmoja mgeni, kabeba kuni, akaja mbiombio. Akazitua kuni, akampigia mama magoti.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, namfungua sasa hivi. Nilidhani hapa hapana mwenyewe."

Mama aliiangalia nyumba yake, bati mpaka chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hapana mwenyewe. Mwache ale."

Sijawahi kusikia maneno yaliyoniuma kama yale, na yalisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikataka kumshika mkono, akanikwepa. Akamwomba Latifu jembe. Nikajua sasa ataanza kulima, atalima mpaka aanguke, na nitafanya nini mimi?

Hakulima. Alizipasua zile nyasi mpaka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe lake la kutawadhia. Chini ya mkilua kulikuwa na miche iliyojiotea, akaing'oa na udongo wake. Akakata vijiti vya asumini. Akachimba mshubiri, mchaichai, machipukizi ya minanasi. Halafu akamwonyesha Latifu lile jiwe.

"Na hili pakia."

"Mama, tunavipeleka wapi?" nikauliza.

"Kwako. Si nilishakulimia?"

Nikaangua kilio, barabarani, mbele ya mbuzi na mwenye mbuzi.

Hivyo ndivyo uwanja wangu ulivyopandwa. Mama alielekeza, mimi na Latifu tukachimba. Makumbi ya nazi tuliyaomba kwa wauza madafu. Jiwe tukaliweka nyuma, mkilua pembeni yake, na kila mama alipotawadha, ukapata fungu lake. Mpira wa maji uliingia stoo ukakaa huko. Mwenye boza akatupigia simu kuuliza kama tumehama.

Alikaa nasi miaka kadhaa, akauona mkilua ukitoa ua la kwanza. Alilifunga kwenye pindo la kanga akazunguka nalo mtaa mzima, mpaka kwa Eugenia, anawanusisha watu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Rajabu, alifariki alfajiri, kichwa chake kipo mapajani mwangu. Mungu alinipa nilichomwomba.

Siku za msiba hakuna aliyefagia. Watu walijaa, na mvua ikanyesha, inanyesha inakatika. Wageni walipokwisha kuondoka, nikafungua mlango asubuhi nikaona kijani. Zilikuwa nyasi zangu zilezile. Kumbe mizizi ilibaki chini miaka yote ile, sasa zimechipua changa, laini, mpaka kwenye ngazi. Sisemi uongo, zilikuwa nzuri.

Latifu akasimama nyuma yangu.

"Ziache, Zuwena. Si ndizo ulizozililia?"

Nikaenda kuchukua jembe. Nililima nikilia, sikubakisha kitu. Kisha nikachukua ufagio wa mama, nikainama, mkono mmoja nikauweka mgongoni, nikafagia kinyumenyume mpaka getini, mtu akipita asije akadhani hapana mwenyewe, akatufungia mbuzi.