Ngozi ya Ng'ombe Ndani ya Pipi

Miaka minne Khalfani anauza viatu vya mtumba Mchikichini, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Hata kiatu kiwe kimelika kisigino upande mmoja, yeye ataapa kwamba mwenyewe alikivaa mara moja tu, tena harusini, tena alikaa muda wote. Mdomo huo ndio uliomlisha, na ndio uliomponza kwa Evarista, binti anayempenda.

Evarista ni Msabato wa Magomeni. Nyama hali, supu hanywi. Mwezi uliopita Khalfani alimpelekea makande ya mama lishe, akaapa kuwa nyama hayajaiona hata kwa mbali. Kijiko cha tatu kikaibuka na mfupa. Binti hakupiga kelele. Aliuweka pembeni ya sahani, na simu akaacha kupokea kwa wiki mbili. Alhamisi alipopokea, alikuwa na neno moja.

"Jumamosi nataka kuwapa pipi watoto wangu wa Shule ya Sabato. Wengi kwao hawali nyama. Zilete wewe, ila zisiwe na jelatini. Zifike kesho kabla jua halijazama. Likizama Sabato imeingia, sitaki shughuli. Ukinidanganya tena, usinijue, sikujui."

"Jelatini ndiyo nini?"

"Inatolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe."

"Halafu inatiwa kwenye pipi?"

"Inatiwa kwenye pipi."

Khalfani alikesha nalo hilo. Mfupa wa kwenye makande alikuwa anauelewa, aliuona kwa macho yake. Lakini wa kwenye pipi ya stroberi unaingilia wapi?

Ijumaa alipotoka msikitini kuswali alasiri akaenda moja kwa moja Kariakoo, na kanzu yake, na kofia yake. Duka la kwanza la pipi za jumla lilikuwa la Nurdin, kijana mwenye kalamu sikioni.

"Unazo zisizo na jelatini?"

"Zipo, bosi wangu." Nurdin hakugeuka hata kutazama rafu. Aliitazama kofia, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri. "Najua unachoogopa. Nguruwe humu hamna. Muhuri wa halali huo hapo."

"Siulizi nguruwe. Naulizia ng'ombe."

"Ng'ombe yumo! Tena kachinjwa kwa bismillahi."

"Ndiye nisiyemtaka."

Nurdin alitoa kalamu sikioni. "Braza, wewe ni Muislamu wa wapi unayekimbia ng'ombe? Si tunaambiwa tumkimbie yule mwingine?"

"Siyo mimi, kuna mtu wangu."

"Mtu wako anaumwa?"

Khalfani akatoka. Duka la pili, mama mmoja aitwaye Sitara alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akauliza, "Sasa hiyo jelatini unaitaka ya unga?" Alipoelezwa upya akapiga mkono kifuani. "Kumbe hutaki! Chukua hizi za dubu. Wallahi hazina. Mwanangu mwenyewe anakula."

Ile "wallahi" ilimtuliza Khalfani. Akalipa, akatoka na pakiti kubwa kwapani, akatembea hatua kama kumi, akasimama. Ile "wallahi" alikuwa anaijua. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameitumia kwenye buti lenye tundu.

Akaigeuza pakiti. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi walioona sukari. Akasoma akifuata kwa kidole: sukari, wanga, jelatini ya ng'ombe.

Saa kumi na moja ilikuwa imeshapita. Akajiuliza: hivi nikiwamimina kwenye mfuko mweupe, nani atajua? Dubu hasemi.

Akiwa bado anajadiliana na dubu, akamwona Bi Badria, muuza kashata, kwenye kona yake, anakuna nazi. Sinia mbili za kashata zilikuwa mbele yake, moja nyeupe, moja nyekundu.

"Shikamoo, bibi. Hizi zina ng'ombe?"

"Marahaba. Una homa, mwanangu?"

"Naulizia jelatini."

"Mimi natia nazi, sukari, iliki. Simama uangalie, sina pazia." Kisha akaigusa ile sinia nyekundu. "Ila hii rangi nimeinunua dukani. Wanaitengenezea nini, sijui."

Khalfani alimtazama kama aliyeona nyota mchana. Tangu aingie Kariakoo, huyo ndiye mtu wa kwanza kusema neno hilo, na biashara yake haikuanguka.

"Nifungie nyeupe tupu."

Akafika Magomeni kwa bodaboda, jua limekaa juu ya mabati. Evarista alikuwa mlangoni, ameshafagia, ameshaoga, anaangalia anga.

"Hazina kitu?"

"Walla..." Khalfani akalimeza. "Nimemwona bibi anayezipika akikuna nazi, akaniambia anatia vitu vitatu. Nazi, sukari, iliki. Nyekundu nimeziacha, rangi yake hata mwenyewe haijui. Na sufuria jana ilipikiwa nini, sijui."

Evarista aliacha kuangalia anga, akamgeukia. "Umesema nini?"

"Sijui."

Binti akacheka mpaka akashika mlango. "Khalfani wa Mchikichini hajui! Lete hapa." Akapokea kifurushi, akanusa iliki. "Kesho saa tatu uje uwagawie mwenyewe. Na hicho kwapani?"

"Hiki kina ng'ombe. Nilidanganywa."

"Unaonaje ukidanganywa?"

Jua likazama, na mlango ukafungwa taratibu. Khalfani akaondoka akitafuna dubu mwekundu, tena mmoja, tena mwingine, akiutafuta ule mfupa kwa ulimi. Hakuupata. Ilikuwa stroberi tupu.