Msiba wa Ahmadi Kwenye Kitambaa Cheupe

Siku hizi ukimtaja Eusebio, mwongozaji wa filamu, watu wanakaa sawa kwenye viti. Enzi zile za ujamaa alikuwa kijana mwembamba tu mwenye kamera, na filamu yake ya kwanza, ya upelelezi, aliipigia hapa hapa Kilwa Masoko. Hadithi yenyewe, wallahi, haikuwa na kichwa wala miguu. Lakini picha! Giza na mwanga vilipangwa mpaka ghala la korosho likaonekana lina siri.

Maiti wa filamu hiyo alikuwa Ahmadi. Alitega palizi ya shamba la kijiji, akaenda kulala chali kichochoroni ili apigwe picha. Mkewe, Mwanaima, alimsema mpaka majirani wakamwonea huruma.

"Wenzio wanalima, wewe unalala! Hata kufa kwenyewe umekwenda kufa kwa kuigiza!"

Tangu waoane, Ahmadi hakuwahi kumsikia mkewe akimsifia, hata kwa bahati mbaya, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Akajiapiza kwamba siku ya sinema atamkalisha mbele kabisa, naye amwone mumewe kuwa ni mtu.

Siku ikawadia. Baada ya isha gari la sinema likaegeshwa uwanjani, kitambaa kikatundikwa, watu wakajaa mikekani. Akatokea mpelelezi amevaa koti zito, na joto la Kilwa lile! Watu wakaangua kicheko. Kisha kivuli kirefu kikapita ukutani, bastola ikalia, Ahmadi akaanguka. Taa ikammulika usoni, akapendeza kuliko siku ya harusi yake. Mpelelezi akamruka, akaenda zake kunywa kahawa. Maiti hakutajwa tena mpaka mwisho.

Uwanja ukachafuka.

"Huyo anazikwa lini?" akauliza mzee mmoja.

"Na sanda iko wapi?" akadakia Likwata, mtani wake Ahmadi, akajibwaga chini na kuangua kilio. "Ahmadi wee, umekufa na jembe langu hujarudisha!"

Watu hoi kwa kicheko. Wakamwita Eusebio mbele awaambie muuaji ni nani.

"Kwa kweli," akasema, jasho likimtiririka, "hata mimi sijaamua."

"Toba!"

Basi wakashikilia mkanda wa filamu urudishwe nyuma, huenda muuaji amewapita. Ahmadi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajiinamia, akisubiri kejeli za mkewe.

Kitambaani akaanguka tena. Likwata akaanza upya kilio chake, watu wakacheka, na hapo Mwanaima akasimama.

"Mnacheka nini? Mtu anaachwa chini kama gunia! Huyu ana mwenyewe, mnasikia? Ana mwenyewe!"

Akaketi, mabega yakimtikisika. Ahmadi akamgusa mkono taratibu.

"Mwanaima, mbona niko hapa?"

"Nyamaza wewe," akasema, akijipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Niache nimlilie mume wangu."